Gari la Mkononi: Kamati Ichome Bambo Kabla ya Kulipa

Maelezo yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Kibaigwa



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa magari yaliyokwisha kutumika. Ombi hili limekuja kwa wakati wake, kwani katika mipango iliyopo mezani parokia kadhaa zimeomba gari. Nyingine zinataka pikapu ya kusomba mahindi na alizeti kutoka vijijini, nyingine zinataka gari la kuwafikisha wagonjwa zahanati. Hakuna iliyoomba gari jipya, na hiyo ni busara kwa sababu fedha hazitoshi. Lakini fedha zisipotosha ndipo udanganyifu unapouma zaidi. Kamati ikipoteza fedha za gari haipati nyingine kesho yake. Mfadhili anakuwa na sababu ya kufunga mkoba, na mkulima aliyetoa debe lake la mahindi kuchangia anakuwa na sababu ya kutochangia tena.

Naomba nianze na jambo ambalo ninyi wenyeji wa Kibaigwa mnalijua kuliko mimi. Mnunuzi wa mahindi hapa sokoni halipi kwa kutazama gunia. Anachoma bambo juu, anachoma ubavuni, anachoma chini, anamwaga punje kiganjani, anang'ata moja ajue kama imekauka. Kisha gunia linapanda mizani. Mmefundishwa na maisha. Mkulima ameibiwa miaka mingi kwa lumbesa, mpaka Wakala wa Vipimo na serikali wakawa wanapiga kelele kila msimu kwamba gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi naye ameuziwa mahindi mazuri juu na pumba katikati. Basi kila mmoja amejifunza kutoamini macho.

Mtu huyo huyo, mwenye bambo mkononi, akitumwa na kamati kwenda Dar es Salaam kununua gari, analipa mamilioni kwa sababu rangi inang'aa na muuzaji amemwita "mtumishi".

Yuko mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Hoja yake unaweza kumweleza mtu yeyote wa sokoni. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na bovu, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo haimfai, analiondoa sokoni. Mwenye bovu anaifurahia, analiacha hapo. Kidogo kidogo soko linajaa mabovu. Kwa hiyo ndugu zangu, mkiona gari "zuri sana kwa bei ya kutupa", jiulizeni kwanza kwa nini ndugu za muuzaji, majirani zake na fundi wake hawajalichukua.

Sasa tuyatazame matangazo yenyewe, yawe ya kwenye simu, ya gazetini, au karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Mengi hayasemi uongo wa moja kwa moja. Yanasema ukweli nusu, na nusu iliyobaki mnunuzi anaijaza mwenyewe kwa matumaini.

Chukua neno "namba D" au "namba E". Linatangazwa kana kwamba ni umri wa gari. Herufi zile zinaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania, basi. Gari lililoundwa mwaka 2003, likakaa Japani miaka mingi ndipo likaletwa kwetu, litapewa namba iliyofikiwa siku hiyo. Wapo wanaolipa nyongeza kubwa kwa ajili ya herufi moja, na chini yake kuna gari kongwe kuliko lile la "namba C" waliloliacha.

Mwaka wa gari nao una mitego. Kuna mwaka wa kuundwa, kuna mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza huko lilikotoka, na kuna mwaka wa kusajiliwa hapa. Muuzaji atachagua ule unaompendeza. Msibishane naye. Fungua mlango, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, utakuta kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa mkanda. Tazama pia vioo: vya kiwandani huwa na alama za aina moja, na kimoja kikiwa tofauti na vingine uliza kilivunjikaje. Matairi "mapya" yana tarakimu nne ubavuni: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa limezeeka kwa kukaa juani.

"Kilomita chache." Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumizwa. Tuseme gari la mwaka 2005 linaonyesha kilomita 68,000 baada ya miaka 20. Gawanya mwenyewe: ni kilomita 3,400 kwa mwaka. Dodoma hadi Dar es Salaam na kurudi ni karibu kilomita 900, kwa hiyo mnaambiwa gari hili lilikuwa linasafiri mara nne tu kwa mwaka, kisha linalala. Inawezekana, lakini ni nadra. Kurudisha kilomita ni kazi ndogo, na wanaokosea wakidhani dashibodi ya tarakimu haichezewi ni wengi, maana hiyo hurudishwa kwa kompyuta bila hata kuacha mkwaruzo.

Ila gari lina shahidi wengine. Tazama mpira wa pedali ya breki na klachi, ukiwa umelika mpaka chuma kinaonekana, hilo si gari la kilomita 68,000. Tazama usukani, mpini wa gia, na kingo ya kiti cha dereva upande anaoingilia. Kama gari limetoka Japani, nyaraka za huko zinasaidia, kwa sababu tangu mwaka 2004 cheti cha ukaguzi wa lazima cha Japani kimekuwa kikiandikwa kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Magari yanayopita kwenye minada ya huko huwa pia na karatasi ya mnada yenye alama za hali ya gari, na herufi R kwenye nafasi ya daraja huashiria gari lililopata ajali na kutengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi zote "zilipotea njiani" anaweza kuwa mkweli. Nanyi mna haki ya kutonunua.

Ipo parokia moja, ambayo sitaitaja kwa sababu wahusika bado wana uchungu, iliyonunua Hiace ya kubebea wagonjwa. Tangazo lilisema injini haijaguswa, mwenye gari ni mtu mmoja tu, anauza kwa sababu anasafiri. Wajumbe wawili walikwenda na fedha taslimu asubuhi, wakarudi na gari usiku. Mwezi wa tatu gia boksi ikaanza kulia. Fundi alipoinua kapeti akakuta tope jembamba limekauka juu ya nyaya, na boliti za viti zimeota kutu kote. Gari lilikuwa limezama kwenye maji, likaanikwa, likapakwa rangi. Lilikaa chini ya mwarobaini msimu mzima wa mvua, na wagonjwa wakarudi kupakiwa kwenye bodaboda. Mama mmoja wa kamati alisema neno ambalo nimelishika: "Tulimuuliza maswali mengi muuzaji, gari hatukuliuliza hata moja."

Ndugu zangu, Dar es Salaam imepata mafuriko zaidi ya mara moja, yale ya Desemba 2011 wengi mnayakumbuka, na gari lililozama halitupwi. Linauzwa mbali na pale lilipozama, kwa watu wa sehemu kavu kama sisi. Mkanda wa usalama ukivutwa mpaka mwisho huonyesha mstari wa tope. Harufu ya uvundo iliyofunikwa na manukato mengi ni dalili. Chini ya viti na ndani ya sehemu ya tairi la akiba ndiko pa kumulika tochi, maana muoshaji hakufiki.

Kuhusu injini nitasema machache, fundi atasema zaidi. Mwambieni muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi, kwa hiyo mkiwekea mkono boneti mkaikuta ya moto wakati ulisema uje saa moja asubuhi, mmekwisha kupata jibu la kwanza. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Na pikapu ya kubeba tani moja haijaribiwi ikiwa tupu kwenye lami ya Ubungo. Lipieni magunia 10 ya kilo 100, au mchanga wa uzito huo, mpande nalo kilima. Muuzaji akikataa, muulizeni yeye alidhani gari litabeba nini.

Fundi huyo awe wenu. Si fundi aliyeletwa na dalali, wala yule anayekaa mbele ya yadi akisubiri wateja. Mlipeni nauli, chakula na ujira kutoka hapa, na ajue atalipwa hata akisema gari lisinunuliwe. Fundi anayelipwa tu gari likinunuliwa atasema linunuliwe.

Nageukia karatasi. Kadi ya gari isisomwe mkononi mwa muuzaji ikaishia hapo. Ipelekeni ofisi ya TRA, jina la mmiliki, namba ya injini na namba ya chesesi vilinganishwe na kumbukumbu zao, kisha mlinganishe wenyewe na namba zilizogongwa kwenye chuma. Kadi mpya ya gari la zamani inahitaji maswali. Wapo wanaoweka kadi rehani kwa mkopeshaji, halafu wanakwenda kutoa taarifa kwamba imepotea ili wapate nyingine ya kuuzia. Mkopeshaji akija kulidai gari, atalikuta uani kwa Paroko. Ulizeni pia faini za barabarani na madeni ya maegesho, kwani hayo hufuata namba ya gari.

Kwa taasisi kama zetu kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Tunapenda kununua magari ya miradi inayofungwa, yale yenye namba za DFP, kwa kuwa yametunzwa. Ni kweli mengi yametunzwa. Lakini gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi inadaiwa. Bei ya kwenye tangazo inaweza kuwa nusu ya gharama yenyewe. Msilipe kabla ya kupata maandishi ya TRA yanayoonyesha kodi imelipwa, au inadaiwa kiasi gani na nani ataibeba.

Wanaotaka kuagiza moja kwa moja kutoka Japani nawaunga mkono, ila kwa masharti. Matapeli hujenga kampuni ya picha tu, wakatumia magari ya wengine, wakatuma hati ya bei yenye mhuri. Wengine huingilia barua pepe za kampuni ya kweli na kuandika kwamba akaunti ya benki imebadilika. Akaunti iwe kwa jina la kampuni yenyewe. Ikiwa ni ya mtu binafsi, au ipo nchi ambayo kampuni haipo, simamisheni. Mabadiliko yoyote ya akaunti yathibitishwe kwa simu, kwa namba mliyoipata kwingine, si ile iliyo kwenye barua hiyo hiyo. Chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika cha Japani, JUMVEA, huweka hadharani tahadhari juu ya kampuni zinazotiliwa shaka, nalo shirika la biashara la serikali ya Japani, JETRO, limewahi kutoa maonyo ya namna hiyo. Kuangalia huko ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu Shirika la Viwango, TBS: kuanzia mwaka 2012 lilitaka magari yakaguliwe nchi yanakotoka kabla ya kupakiwa melini, na mwaka 2021 ukaguzi ukahamishiwa hapa baada ya gari kushuka. Utaratibu umekuwa ukibadilika, hivyo kabla ya kuagiza waulizeni wenyewe. Na kumbukeni kwamba cheti cha ukaguzi ni cha siku ile gari lilipoingia. Hakisemi lolote juu ya miaka mitano lililokimbia daladala baadaye.

Sasa niseme juu ya haraka. Wilaya yetu hii ya Kongwa ina historia kubwa kuliko zote za kununua mitambo iliyotumika. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa mradi wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, trekta mpya hazipatikani, Uingereza inataka mafuta ya kula upesi. Wakanunua mabaki ya vita: trekta na mitambo ya jeshi la Marekani iliyokuwa Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya trekta zilizoletwa ilikuwa imelala. Udongo wetu mgumu wa kiangazi ulimalizia zile zilizobaki. Mradi ulifutwa Januari 1951, na fedha iliyopotea ni takriban pauni milioni 36. Zilikuwapo sababu nyingi, mvua ikiwa mojawapo, na sisemi kuwa mtu aliwatapeli. Walijitapeli wenyewe kwa kukimbia. Waliokuwa na tarehe ya kutimiza hawakuwa na muda wa kutazama chini ya boneti.

Hapa naomba wafadhili wetu wanivumilie. Fedha zinazofika mwezi wa kumi na kutakiwa zitumike kabla ya Desemba ni zawadi kwa muuzaji mwongo. Yeye huijua tarehe yenu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mjumbe akishaingia yadi husema, "Tunatakiwa tumalize wiki hii." Bei inapanda hapo hapo, na ukaguzi unaachwa.

Vilevile kuna sharti la kuleta bei za wauzaji watatu. Utaratibu huo ulifaa kwa mabati na saruji, maana mfuko wa saruji ni sawa na mwingine. Magari mawili yaliyotumika hayafanani hata yakiwa pacha kiwandani. Matokeo yake, karatasi tatu zinaletwa, mara nyingine zimetoka kompyuta moja ya yadi moja kwa majina matatu, jalada linapendeza, mkaguzi wa hesabu anaridhika, na hakuna aliyeligusa gari. Ningefurahi zaidi kuona kwenye jalada bei moja, pamoja na taarifa ya fundi wa kujitegemea yenye kurasa mbili na picha. Na ningependa bajeti ya gari iwe na fungu la ukaguzi na nauli za kuangalia magari matatu au manne yaliyokataliwa. Fedha ya kukataa gari bovu si hasara.

Upande wetu sisi wa kamati nako kuna la kusema, nalo si tamu. Dalali ana kitu kinachoitwa cha juu. Mwenye gari anataka milioni 18, dalali anatangaza 20, na tofauti ni yake. Hiyo ni biashara, kila mtu anaijua. Lakini dalali akimwambia mjumbe wetu, "tuandike 22, yako moja," muuzaji amekwisha kupata mtu wa kumtetea ndani ya kikao chetu. Mjumbe huyo ndiye atakayesema fundi wa nini, gari nimeliona mwenyewe, tutachelewa. Dawa yake si mahubiri. Waende watu watatu kutoka makundi tofauti, mmoja wao mama, na mmoja asijue bei ya mwisho mpaka gari limekaguliwa. Malipo yapite benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye kadi, si kwa dalali. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukitaja bei aliyopokea mwenye gari. Na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike kabla sehemu ya mwisho ya malipo haijatoka, kwa jina la taasisi iliyosajiliwa, si jina la katibu.

Wengine mtaniuliza, sheria ipo wapi? Ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, pamoja na kudanganya juu ya ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inamlinda anayenunua kwa maelezo, na inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza. Lakini mkataba unaosema "mnunuzi amelikubali gari kama lilivyo" unawapunguzia nguvu sana, na mengi ya mauziano yetu huandikwa hivyo kwenye karatasi ya daftari. Yale aliyotangaza muuzaji yaandikwe ndani ya mkataba: mwaka wa kuundwa, kilomita, kwamba halijazama, halijapata ajali, halidaiwi. Lipigeni picha tangazo siku ya kwanza, kabla halijafutwa. Muuzaji mkweli atasaini bila shida. Asiye mkweli mara nyingi hukumbuka ghafla kwamba ana mteja mwingine, na mkimwacha aende kwa huyo mteja mtakuwa mmeokoa fedha nyingi kuliko mwanasheria yeyote angewarudishia.

Nimemaliza sehemu ya maneno. Mwenyekiti ametukubalia tutumie pikapu iliyoegeshwa nje, na fundi ameshafika. Tutagawanyika makundi manne, kila kundi litalikagua gari hilo na kuandika umri wake, kilomita zake za kweli kadiri linavyoona, na ubovu wowote. Mwenye gari amekaa pembeni na majibu yake kwenye bahasha. Tochi zipo mbili tu, kwa hiyo wenye simu zenye taa wazishike.